Visigino Vyangu

"Hapa Mitole hakuna mtu aliyewahi kuona visigino vyangu," niliwaambia wajomba wa Zakia, huku nikimwongezea chai mkubwa wao, mjomba Alfani, ili maneno yateremke vizuri. Walikuwa wametoka Kivinje kuja kumtazama kijana anayetaka kumwoa mpwa wao. "Kilima kilipoporomoka wengine walitimka. Mimi nilimbeba mama."

Mama alikuwa kwenye kigoda, mguu wake uliopinda ameunyoosha mbele, anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

Mwaka juzi mvua ya kwanza ilikikuta kilima kikiwa majivu matupu. Tulikuwa tumefyeka na kuchoma, na kiangazi kilikuwa kimeipasua ardhi ikabaki imeachama. Watu wa mabondeni huogopa masika. Sisi wa kilimani tunaogopa mvua hii ya kwanza, inayoingia kwenye nyufa kabla mizizi haijashika kitu.

Asubuhi ile Veronika Likwata alinikuta njiani nikimpelekea mama mbegu shambani. Ukoo wao na wetu ni watani tangu enzi za mababu.

"Shikamoo mtani. Kuku wetu leo umewaacha wangapi?"

"Marahaba. Wamekonda kama wewe, nimewahurumia. Nurdin, kamwambie mama yako ashuke. Juu ya shamba lenu ardhi imekatika, mkono wangu umezama mpaka kiwiko. Mikorosho miwili imelala. Leo sitanii."

Sasa, mtani akikwambia hatanii, ndipo ushike mfuko wako. Mwaka uliotangulia Veronika huyuhuyu alikuja kwetu analia kwa sauti, eti baba mdogo amefariki. Mama akavua hereni, akajifunga kanga ya msiba. Baba mdogo alikuwa mjini Masoko anakula samaki.

"Amesema nini mtani wako?" mama, aliyetuona kutoka shambani, aliniuliza nilipofika.

"Anataka tumwachie shamba."

Tukacheka wote wawili. Mama akapanda na mbegu zake mpaka juu kabisa, mimi nikaanzia chini. Mvua ikarudi kwa kishindo. Sisi hao tukaendelea kupanda, vichwa juu, kama watu waliotukanwa.

Kilima kilikohoa mara moja. Niliona mistari ya mashimo tuliyochimba ikipinda, halafu shamba zima likaanza kutembea, na mama yuko juu yake, jembe mkononi. Aliita jina langu. Nakumbuka vizuri sana kwamba aliliita mara mbili.

Nilipopata akili nilikuwa kwenye kijito, nimekumbatia mti. Ukiniuliza nitakwambia nilikuwa nakwenda kuita watu. Nimejiambia hivyo hadi nimezoea. Kisha nikamwona Veronika anateremka, tope limemfika kifuani, mama mgongoni, amezirai. Alimshusha mbele yangu, akakaa chini kutafuta pumzi. Nikambeba mama, nikavuka. Ng'ambo tukakutana na kijiji kizima, nao wakaona walichokiona. Nani alikuwa anauliza?

"Hodi," Veronika alisema mlangoni, nami nikiwa bado nawaelezea wajomba jinsi tope lilivyokuwa zito. Mtani haalikwi kwenye posa, anajileta. Alifungua kanga, akaweka mkekani ndala moja ya bluu, kamba yake imeshonwa kwa waya. Mama aliacha kupepeta. Waya ule aliupitisha yeye kwenye ndala yangu.

"Zawadi ya bwana harusi," alisema Veronika. "Niliiokota siku ile, mama yako akiwa mgongoni kwangu. Ilikuwa mbele yangu, Nurdin. Imeelekea kijijini."

"Mtani wangu huyu anapenda utani," niliwaambia wageni.

"Leo sitanii."

Mama aliweka ungo chini. Hakumtazama Veronika.

Sikuinamisha kichwa. Niliivuta ndala ile, nikanyoosha mguu mbele za watu, nikaivaa. Mjomba Alfani alisogeza kikombe chake pembeni. Alikuwa anatazama kisigino.