Julai Mbele ya Duka la Mkwe

Baridi ya Kilungu haina adabu. Huanza mwezi wa Juni na ukungu kidogo wa asubuhi, ukadhani ni mgeni wa kupita tu, kisha hukaa mpaka Agosti. Huingia jikoni, hupanda kitandani, na kwangu mimi ilishuka moja kwa moja mpaka kifuani. Mwaka wa themanini na sita ilinikaba hata nikashindwa kumaliza sala ya chakula. Nilifika katikati nikaanza kukohoa, uji ukapoa, na akina mama wa kanisa waliokuja kuniona wakaitikia amina wenyewe.

Daktari hakunizungusha. Alisema kifua changu hakitaki tena milima, na kama nina mtu upande wa joto niende nikakae kwake, la sivyo Julai moja itaondoka na mimi.

Mtu nilikuwa naye. Binti yangu wa pekee, Muthoki, ameolewa Kyuso, kaskazini ya Kitui, ambako sweta ni nguo ya kubebea mtoto. Mume wake, Kisilu, ana duka na hununua ndengu za wakulima. Muthoki alikuwa ameniita miaka nenda miaka rudi. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa Kisilu, na Kisilu hakuwa amenikosea kitu.

Kwetu Wakamba, mama na mume wa binti yake wana nthoni, yaani aibu ya heshima. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Kulala kwa mkwe ndiko kabisa hakusemwi. Tangu Kisilu alete mbuzi wa kwanza wa mahari, miaka kumi na mmoja, tulikuwa tumekwepana vizuri sana. Hata siku ya harusi nilijifunika leso nikatazama viatu vya watu. Kwa binti yangu sikuwahi kukanyaga.

“Mumbua, sisi tumeokoka,” aliniambia Mutindi, mwenyekiti wetu wa akina mama. “Hiyo mambo ya nthoni ni ya zamani. Enda ukae kwa mtoto wako.”

Nikamuuliza yeye alilala lini kwa mkwe wake. Akaanza kukunja kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari.

Muthoki alipopata habari alikuja mwenyewe. Alinikuta nimejikunja karibu na moto kwa blanketi mbili, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

“Mwaitu, mama yangu, unataka nikuje kukuzika ndio uone nthoni haiponyeshi kifua?”

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Nikamwambia sawa, nitakwenda, lakini kwa boma ya mkwe silali. Akanitafutia chumba kwa jirani yake Anab, mke wa Abdinoor, mfanyabiashara wa mifugo. Nikafunga mlango wangu, nikaenda.

Kyuso ilinipokea kama mkate unavyopokewa na tanuri. Siku za kwanza nilikaa barazani kwa Anab, miguu juani, nikinywa chai ya iliki na kula anjera zake, ile mikate myembamba ya Kisomali, na kifua kikaanza kulegea. Wiki ya pili niliimba. Anab alitoka mbio jikoni kuona ni redio gani hiyo.

Lakini Muthoki, kwa haraka zake, hakuwa amefikiria jambo moja. Baraza la Anab linatazamana uso kwa uso na duka la Kisilu.

Kila nilipoketi kuota jua, mkwe wangu hakuweza kutoka. Kila alipotaka kupokea magunia, mimi nilitakiwa niingie ndani. Anab, ambaye kwao hawana mambo hayo, aliona ni mchezo mzuri kuliko yote aliyowahi kuona, akajifanya polisi wa barabarani.

“Kisilu, pita! Mama amegeuka!” alikuwa akipiga kelele soko lote lisikie. “Mama Muthoki, ngoja kwanza, hiyo mtu iko na gunia mgongoni!”

Nilicheka mpaka siku niliyozunguka nyuma ya duka kumtafuta Muthoki. Nikaona mguu wa mwanamume umening'inia dirishani. Ulikuwa wa mkwe wangu, mtu mzima, anaingia dukani kwake kama mwizi kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa sana juani asubuhi hiyo. Niligeuka kabla mguu huo haujamfuata mwenzake ndani.

Siku hiyo sikucheka tena. Nilimwambia Anab kwamba narudi Kilungu.

“Julai haijaisha,” akasema. “Utaenda kufa?”

“Heri nikohoe kwangu kuliko kumfukuza mtu kwake.”

Nilisema kwa ukali ili asione kwamba naogopa. Niliogopa sana. Nilijua ile baridi inanisubiri, na sikutaka kufa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata tena sauti. Hata hivyo nilipanga nguo zangu kwenye sanduku.

Nilikuwa nimelitoa sanduku mlangoni, nalifunga kamba, nilipomsikia Anab akisema, safari hii kwa sauti ya chini, “Mama Muthoki, usiingie ndani.”

Kisilu alikuwa amesimama uani. Mkono mmoja alishika kamba ya mbuzi, mwingine blanketi jipya, nene, la rangi ya maziwa. Nikajua. Nthoni huweza kuondolewa: mkwe huleta zawadi, na mama akiipokea, nyuso zinafunguliwa. Wachache hufanya hivyo. Lazima mmoja awe na ujasiri wa kuanza.

“Mwaitu,” akasema akitazama mbuzi, “miaka yote nilikuwa nataka kuleta hii. Nilifikiria ni wewe hutaki.”

“Na mimi nilifikiria ni wewe.”

Nilipokea blanketi kwa mikono miwili, nikamwambia, “Inua uso nikuone.”

Akainua. Mvi zilikuwa zimeanza kando ya masikio, na macho yalikuwa mapole, yenye maji. Akatabasamu, na katikati ya meno ya juu palikuwa na mwanya. Kumbe! Mjukuu wangu Syokau ana mwanya huo huo, na miaka yote nilikuwa nikiwauliza watu wa ukoo wetu ameutoa wapi. Nililia. Niliona haya kulia mbele ya mbuzi wa watu, lakini nililia.

“Sasa utakaa?” akaniuliza.

“Nitakaa mpaka baridi iishe, niende nipande mahindi yangu. Shamba langu siliachi. Lakini Juni ikifika, wewe mwenyewe uje unichukue.”

Mchana huo nilivuka barabara nikaingia kwa binti yangu kwa mlango wa mbele, nikaketi mezani na mume wake, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe nikala chakula alichokipika Muthoki. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, ilikuwa na chumvi nyingi, na nilimwambia.