Filimbi Mfukoni

Filimbi ilining'inia shingoni mwa Deogratias tangu enzi za ushirika. Rangi yake ilikuwa imechakaa, lakini sauti bado ilisikika hadi barabara ya Maswa. Wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi walimwita Refa, naye hakuchukia. Alipewa filimbi hiyo chuoni, alikopelekwa kusomea uongozi: gwaride alfajiri, hotuba za kukariri, na mwishowe cheti. Siku hizo kiongozi alipikwa mbali, akarudishwa akiwa ameiva, na watu wakapangwa mstari mbele yake.

Sasa kiwanda kilikuwa mali ya kampuni binafsi. Mlango wa ofisi yake, ulioandikwa Utumishi, ulipakwa rangi upya ukaandikwa Rasilimali Watu. Alikuja mkufunzi kutoka Dar es Salaam, akabandika makaratasi makubwa kwenye kuta za ukumbi wa parokia, akasema kiongozi hukuzwa kazini: mpe zamu, mwache aongoze, nawe zuia mdomo wako. Deogratias alisikiliza kwa heshima, na moyoni akacheka. Mtu aachwe akosee huku mashine zinanguruma?

Hata hivyo, ni yeye aliyempendekeza Milembe, binti aliyeanza kwa kufagia mbegu za pamba, mwepesi wa kuona na asiyekurupuka. Gilbert, meneja mpya, alikubali kwa sharti moja: asimamie zamu ya mchana kwa majaribio hadi Jumamosi. Akishindwa, zamu irudi kwa wazee, na habari ya wanawake kusimamia isiletwe tena mezani kwake.

Deogratias akaharibu mapema. Kila asubuhi Milembe alizoea kupiga goti langoni akiwaamkia wazee, wa kwanza wao Bundala, mjomba wake, mwendesha mashine kubwa. Deogratias alimkataza. Kiongozi hapigi goti, alimwambia. Asimame wima, awatazame machoni. Milembe akatii. Wazee wakaitikia kwa kukohoa. Tangu hapo kazi ikawa ya kujikokota: hakuna aliyegoma, na hakuna aliyeharakisha.

Alhamisi, baada ya kazi, Milembe aliingia ofisini kwa Deogratias. Alieleza kwa upole kwamba mjomba wake hakuwa amekanyaga nyumbani kwao tangu siku alipoacha kupiga goti.

"Baba, umenifundisha kusimama, nashukuru," alisema. "Ila lile goti halikuwa langu. Lilikuwa lao."



"Fanya unavyoona wewe," alisema Deogratias. Maneno yale yalimshangaza mwenyewe. Katika miaka yote ya utumishi wake hakuwahi kumwambia hivyo mtu aliye chini yake.

Kesho yake Milembe alipiga goti langoni, akaamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mjomba." Bundala aliitikia kwa kirefu, akauliza hali ya mama yake, ya ng'ombe, ya mvua huko Ipililo. Kisha wakaingia, na mashine zikaanza kula pamba kwa hamu.

Kabla ya chakula cha mchana, Milembe alisimama ghafla kando ya mashine kubwa, akanusa harufu ya kuungua. Jiwe au kipande cha chuma kikiingia pamoja na pamba hutoa cheche, na cheche ndani ya pamba hulala kimya kabla ya kuamka. Alimwomba Bundala azime.

"Ni mkanda tu umepata joto," alisema Bundala bila kugeuka. "Jamani, mtoto wa dada yangu siku hizi ananusa mikanda."

Wenzake wakacheka.

Deogratias alikuwa mlangoni. Filimbi ilikuwa tayari midomoni mwake. Kupuliza mara moja tu, na mashine zote zingenyamaza. Na zamu ile ingekuwa yake, si ya Milembe, leo na siku zote. Alionja ubaridi wa chuma. Akaitoa mdomoni.

Milembe hakumtazama. Alisogea akasimama mbele ya mjomba wake, karibu kabisa, ili asilazimike kupaza sauti.

"Mjomba, pale langoni mimi ni mtoto wako, na kesho nitakupigia goti tena. Humu ndani zamu ni yangu. Zima."

Bundala alimtazama. Mkono wake ukaenda kwenye swichi.

Waliichomoa pamba kwa mikono kutoka tumboni mwa mashine, na katikati yake wakakuta donge jeusi, bado likifuka moshi. Nyuma ya ukuta ule yalipangwa marobota ya msimu mzima. Bundala alilitumbukiza donge kwenye ndoo ya maji, akasikiliza linavyolia.

"Mama yake naye ni hivi hivi," alisema. "Kubishana naye ni kujichosha."

Jumamosi asubuhi Gilbert alikuwa bado hajafika. Milembe alipiga goti, wazee wakaitikia, salamu zikachukua muda wake wote. Lango lilikuwa jembamba, na kwa kawaida Bundala ndiye aliyepita kwanza. Safari hii alijibanza pembeni.

"Tangulia, mama."

Milembe akatangulia. Wazee wakamfuata mmoja mmoja, na Deogratias, filimbi ikiwa mfukoni, akajipanga nyuma yao.