Shahidi wa Fundi Makochi

Fundi Makochi hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hakuwa na kitambulisho, wala kaburi la mzazi hata mmoja katika nchi aliyoishi tangu hajaota ndevu. Hakuwa na jino la mbele, wala subira na mteja anayekalia kochi kabla gundi haijakauka. Ya jino na subira mtaa mzima uliyajua. Yale mengine aliyaficha hata kwa binti yake, na njia yake ya kuyaficha ilikuwa kelele: kila ilipozuka habari ya watu waliovuka mpaka, yeye ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. "Warudi kwao!" Nani angemshuku?

Siku ya posa ya binti yake alipitiliza. Kijana alikuwa dereva wa lori, mwenye adabu, lakini mama yake, mshona mapazia, alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto na hakuficha; aliomba uraia zamani, akapewa. Fundi akasema mbele ya wazee, "Binti yangu hachanganyi damu na watu wa kuja." Yule mama alimtazama kitambo, kisha akainamisha macho. Vijana wakaoana hivyo hivyo, na Fundi hakukanyaga kwao tena.

Sasa amri ikatoka. Asiye na karatasi aondoke kabla mwezi haujaisha, isipokuwa aliyekaa miaka mingi na akapata raia wa kushuhudia kwamba anamjua tangu alipoingia. Majirani wote walimjua Fundi kama mzaliwa. Aliyejua alivyoingia alikuwa mmoja tu, na Fundi alikuwa amemtambua siku ile ile ya posa.

Alimkuta kwenye cherehani.

"Hodi, mkwe."

"Karibu. Kumbe leo mimi ni mkwe?"

Fundi akabaki mlangoni, kofia mkononi.

"Keti basi. Kochi lenyewe springi zimetoka, lakini wewe utajua pa kukaa."

Akaketi ukingoni. "Mkwe, mimi na wewe tulikuja gari moja." Hakulisema kwa ile sauti yake ya kupigia kelele.

"Najua. Ulinitapikia njia nzima, na gauni nilikuwa nalo hilo hilo moja."

"Siku ya posa ulinijua?"

"Ulipoingia tu."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Wewe ulikuwa unaogopa, mimi nilikuwa namwoza mwanangu." Akakata uzi kwa meno. "Ila usitukane wakunga, mkwe, na uzazi ungalipo."

Mama akavuta droo, akampa karatasi na kalamu.

"Macho yangu yana mtoto wa jicho; mapazia nashona kwa mazoea tu, kuandika siwezi. Wewe ndiye uliyesoma masomo ya usiku. Andika, nitatia sahihi."

Akaandika alivyoambiwa: kwamba mama huyu anamfahamu tangu walipovuka wangali vijana, kwamba makochi ya nusu ya mtaa yametoka mikononi mwake, kwamba alifiwa na mke akamlea binti peke yake.

"Andika: hajawahi kumdhulumu mtu."

Kalamu ikasimama. "Hilo si kweli. Nilikudhulumu wewe, mbele za watu."

"Hilo halihusu serikali. Ni langu na lako, na bado hatujalimaliza. Andika."

Akaandika, masikio yakiwaka moto. Angepigwa kofi angejua pa kujishika. Kwa wema ule hakujua. Mama akatia sahihi iliyopanda kama ngazi.

Wakaenda posta pamoja kuituma barua ile serikalini, mama amemshika mkono kwa sababu ya macho yake. Penye duka la nyama muuzaji akapiga kelele, "Fundi! Leo unatembea na watu wa kuja?"

Kicheko kikazuka. Fundi akahisi mkono wa mama unalegea, unataka kumwachia apite peke yake. Akaubana.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema. "Na mimi ni mtu wa huko huko kwao."

Kicheko kikakatika. Fundi akamwongoza mkwe wake mbele, bila kuthubutu kuinua uso.

Walipofika posta, Fundi akalamba bahasha, akaibandika kwa kiganja, akaitumbukiza sandukuni.