Ushuru wa Kopo

"Usiniletee maziwa tena, Mama Njambi," Faki aliniambia mlangoni mwa hoteli yake ya chai, pale Ruiru. "Nimepata ya unga, ya kopo, kutoka ng'ambo. Ni rahisi kuliko yako, na hayachachi."

Nikarudi kijijini kwetu Mugutha na chupa zimejaa. Mnunuzi mwingine sikuwa naye. Ilibaki kumpeleka Kairu mnadani Thika, na ndiye ng'ombe pekee aliyeniachia marehemu mume wangu. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu.

Wiki hiyo bwana shamba akaita baraza. Alisema Serikali inataka kuwakinga wafugaji na maziwa ya ng'ambo. "Mnapendelea kipi, ushuru au ruzuku?"

"Haiya! Ushuru tena?" Wangeci, jirani yangu, akaruka. "Si tunatozwa kila siku pale lango la soko? Hata kuku!"

Wanawake wakavuma kama nyuki. "Ruzuku! Ruzuku!" Mzee Gerishon wa kanisa letu akaitikia "Amina", akidhani ni riziki ya Mungu inatajwa.

Mimi nikasimama. "Bwana, huo ushuru analipa nani?"

"Anayeleta kopo, kule Mombasa. Likifika hapa litakuwa ghali."

"Na ruzuku?"

"Serikali inamwongezea mfugaji pesa kwa maziwa anayopeleka kiwandani."

"Mimi nilikuwa nampelekea Faki, si kiwanda."

Akakuna kidevu. "Basi, mama, haitakufikia."

"Ushuru ni ushuru! Keti!" Wangeci akanivuta leso. Mikono iliyoinuliwa kwa ushuru ilipohesabiwa, ulikuwa wangu tu.

Faki alikuwa nyuma, ananitazama. Tulipotawanyika akanifuata.

"Mama, unataka chai yangu ipande bei? Vibarua wa mashamba ya mkonge watakunywa nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria, nikamwambia hivyo. "Lakini nikishauza ng'ombe, siku meli ikikosa kuleta kopo, watakunywa nini?"

Akacheka. "Lete chupa mbili kila asubuhi. Nitachanganya na ya kopo. Ila usiniinulie mkono tena!"

"Sikukuinulia wewe. Nilimwinulia Kairu."

Siku ya mnada nilikwenda Thika na jogoo, Kairu nikamwacha akitafuna majani. Langoni askari akanitoza ushuru.

"Huu nao unamkinga nani?" nikamuuliza.

Akanitazama, akamtazama jogoo. "Songa, mama. Watu wanangoja."