Debe la Msikilizaji wa Ndovu

Naapa kwa pensheni yangu ya reli, ambayo ni ndogo lakini ndiyo niliyo nayo: haya yote yametokea, tena mengine nimeyapunguza ili myaamini.

Mimi Gibson ndiye msikilizaji wa ndovu wa kijiji chetu, chini ya mlima Sagalla, nje kidogo ya Voi. Wenzangu hulinda mashamba kwa zamu, wakichoma pilipili na kukagua mizinga ya nyuki tuliyoizungusha kwenye mahindi, maana ndovu hapatani na moshi huo wala nyuki. Mimi silindi zamu. Hulala kitandani kwangu, dirisha wazi, debe kando, na ndovu akinong'ona huko mbugani, nalipiga kuwaita walinzi. Ndovu huongea kwa sauti nzito ya chini sana, ambayo masikio ya ovyo hayaipati. Hilo nimejisomea mwenyewe. Kuna mwaka nilimsikia jike mmoja huko Mtito Andei, karibu kilomita mia kutoka kitandani kwangu, akimgombeza mwanawe, na hata kosa la mtoto nilielewa.

Kikundi chetu kina sheria moja: anayepiga debe bure hutoa kuku, walinzi wapikiwe. Mimi sikuwahi kutoa hata unyoya. Nikipiga na ndovu asionekane, maana yake amesikia debe akarudi alikotoka. Nani atabisha? Aende amuulize ndovu!

Sasa mwaka huu, mahindi yakiwa yamebeba, ndovu waliingia kwa Nthambi, mwenyekiti wetu, wakamaliza shamba. Na hapa ndipo damu inaponichemka. Nilipiga debe! Nilipiga mpaka likabonyea! Hakuna mlinzi aliyenyanyuka. Asubuhi nikamkuta Nthambi amesimama katikati ya mabua yaliyolala chini, leso mabegani.

"Mzee Gibson," akasema, "debe tulilisikia. Tukasema, aah, ni Gibson."

"Si ni mimi!"

"Ndiyo shida."

Jamani! Mtu anafanya kazi yake, wengine wanalala, halafu lawama inamfuata aliyekuwa macho! Kiilu, jirani yangu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akadakia: "Mzee, wewe hupiga hata upepo ukikohoa. Tukikimbia kila unapopiga, tutazikwa na viatu."

Basi wakaitisha kikao, nikazungumzwa kama mwizi wa mbuzi. Wakaamua Wakesho anipime. Wakesho ni binti wa hapa hapa, anasomea saikolojia chuo kikuu, na utafiti wake ni huo: sauti iliyo nje inapungua mpaka wapi kabla sikio halijaacha kuikamata. Nikifaulu, nabaki kitandani na debe langu mpaka nife, na Kiilu ananiomba radhi mbele ya kanisa. Nikishindwa, naingia zamu kama vijana, na natoa kuku. Nilikubali nikiwa nimesimama, kidole juu.

Mtihani ukafanyika Jumamosi kwenye darasa la chekechea, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Wakesho akanivalisha spika za masikioni, zimeungwa kwenye kompyuta.

"Babu, sauti zitakuwa hafifu. Ukisikia, inua mkono. Usiposikia, tulia tu. Natafuta kizingiti chako, yaani pale ambapo sauti ileile mara unaipata, mara unaikosa."

"Mimi sikosi."

"Kila mtu hukosa, babu. Hata mimi."

"Basi pole kwako."

Nilimwambia wazi kwamba ni dharau. Sikio si mafuta ya taa, lipimwe kwa kibaba! Nikamuuliza kama chuoni kwao hupima pia upendo wa mama. Akacheka, akasema wapo wanaojaribu.

Kiilu alikuwa ametangulia kupimwa, ili tulinganishwe. Nilimtazama: anainua mkono, anatulia, anatulia tena kama gunia la mbolea. Nikamhurumia.

Zamu yangu ikafika. Nikainua mkono. Nikainua tena. Nikaona mkono peke yake unamnyima binti elimu, nikaanza kumwongezea maelezo. "Huyo dume, ana pembe moja." Wakesho akaandika. "Huyo mzee, goti linamuuma." Akaandika tena. Nthambi akabisha mlangoni na chupa ya chai, Wakesho akainuka kumpokea, nami kazini sikulegea. Nikainua mkono juu kabisa.

"Jike! Ana mtoto! Wanatokea upande wa bwawani!"

Nthambi akabaki ameishika ile chupa. Wakesho akageuka polepole.

"Babu, hapo hakukuwa na sauti yoyote."

"Hapo tu."

"Na kabla ya hapo. Nimechanganya nafasi tupu, makusudi, kwa kila ninayempima. Kiilu alitulia karibu zote. Wewe umeinua mkono kwa zote."

Nilivua zile spika nikazibwaga mezani. "Huo ni utapeli! Unamkaribisha mtu chakula, unampa sahani tupu, halafu unamshtaki kwa kutafuna!"

"Lakini ulitafuna, mzee," Kiilu akasema toka dirishani, ameshasukuma godoro. "Tena ukasema imekolea chumvi."

"Huenda masikio yako ni mazuri," Wakesho akasema kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi. "Huenda unamshinda Kiilu. Siwezi kujua, babu. Ukisema ndiyo kwa kila kitu, ndiyo yako haituambii chochote."

Nthambi akaweka chupa mezani. "Usiku ule," akaniuliza, "uliwasikia kweli?"

"Niliwasikia! Mungu shahidi, niliwasikia wakivunja ua!"

"Nakuamini," akasema. "Ndiyo maana inaniuma hivi."

Hapo hata Kiilu alirudisha godoro dirishani. Nikatoka nje nikiwa na hasira na kila mtu: chuo, kompyuta, ndovu, na zaidi huo mkono wangu wa kulia.

Jioni nilipeleka kuku. Nilichagua yule jike mzee aliyeacha kutaga, nikamfunga miguu vizuri, nikamsifia njia nzima kwa sauti. Nthambi akampapasa kifuani mara moja tu.

"Huyu ni mifupa na maombi. Mlete jogoo."

"Mama Nthambi, jogoo ni wa mbegu!"

"Mahindi yangu yalikuwa ya nini?"

Nikarudi. Jogoo akanizungusha ua mzima mpaka Kiilu akaja kunizibia njia, anacheka hadi machozi. Tukampeleka pamoja. Nthambi akampokea kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akanipa tochi ya zamu, akaniambia nianze Jumatano, upande wa mizinga.

Nikaichukua. Nikamwambia Kiilu ajue mapema kwamba paja ni langu.