Shuka la Matumbawe

Fundi aliyaziba matundu yote. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na alilitenda kwa mapenzi na kwa ustadi, ndiyo maana halikurekebishika kirahisi.

Ilikuwa hivi. Mdogo wake, mwalimu wa chekechea, alipofariki, watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Fundi hakulia. Machozi yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akabaki na nyumba mbili za kufagia, yake na ya marehemu, na mtoto mmoja wa kike wa marehemu, ambaye watu wote walimwita Kifungo tangu siku alipomeza kifungo cha koti la mteja, akawaweka wakubwa roho juu mpaka kilipotoka chenyewe.

Katika kabati la mdogo wake, Fundi alikuta shuka la bluu, kubwa, limetoboka kila mahali. Matundu ya duara, mengi yana upana wa kikombe, moja la katikati kama sahani. Akatikisa kichwa.

"Mwanamke mzima wewe," akamwambia marehemu, kana kwamba yuko chumba cha pili. "Dada yako ana cherehani, na wewe unalalia matambara."

Akalibeba hadi kibandani kwake. Akatafuta kitambaa cha rangi ileile, akakipata kwenye gauni la bluu la marehemu, gauni la kazini, alilomshonea kwa mikono yake mwenyewe. Akakata viraka vya duara, akakunja kingo, akashona mshono mwembamba uliojificha, kiasi kwamba ukipitisha kidole gumba huuhisi. Cherehani ililia kwa niaba yake. Alipomaliza alilipiga pasi, akalikunja, akaliweka rafuni, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalala usingizi.

Kifungo alihamia kwake. Mtoto wa miaka mitano huyo hakuwa na usumbufu wowote, na hilo ndilo lililomsumbua Fundi. Akipewa chai, asante mama mkubwa. Akipewa maji, asante mama mkubwa. Akioshwa miguu, asante. Nguo zake alizirudisha kwenye begi kila asubuhi na kuvuta zipu mpaka mwisho, kama abiria. Shuleni hakutaka kwenda. Akifika mlangoni mwa darasa anageuka gogo, hasukumiki wala habebeki. Fundi alibembeleza, akaahidi biskuti, akatishia kidogo, kisha akawa anarudi naye kibandani na kumketisha chini ya meza ya kukatia, kwenye mabaki ya vitambaa. Pale alikaa mchana kutwa, kimya, akipanga vipande kwa rangi.

Mgeni huaga. Fundi alilijua hilo, na lilimtisha. Mtoto hana pa kwenda, lakini moyoni mwake yuko njiani, na Fundi hakujua amwambie nini ili ashushe mzigo.

Siku moja akaja mwalimu aliyechukua darasa la marehemu, msichana ambaye watoto walimwita Mwalimu Mrefu, naye hakuwa na la kujitetea.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Inama. Hiyo boriti imeshawapiga wafupi kuliko wewe."

Mwalimu Mrefu akaingia ameinama na akabaki ameinama, kwa heshima ya boriti. Alisema wiki ijayo ni ya matumbawe, ile aliyoianzisha marehemu, watoto wanajifunza bahari kwa mikono yao. Jiwe la tumbawe amelipata, soksi anazo, samaki wa karatasi wamekatwa.

"Shuka tu ndilo silioni. Lile la bluu, lenye matundu."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Lenye matundu," akasema.

"Ndiyo. Watoto wanaingia chini, kila mmoja anatoa mkono kwenye tundu lake, mkono umevaa soksi yenye vidolevidole. Ndiyo wanakuwa matumbawe. Bila shuka tutakuwa na watoto na soksi tu."

Chini ya meza kulisikika mtikisiko. Kifungo alitoa kichwa.

"Mwaka huu mimi naingia chini," akasema.

Wanawake wawili wakatazamana. Mtoto aliendelea, kwa uzito wa mtu anayekumbusha ahadi. "Mwaka jana nilikuwa kwa wadogo. Wadogo ni samaki, wanapita nje tu. Mama alisema nikienda kwa wakubwa nitaingia. Kwa hiyo nitakwenda."

"Shuleni?" Fundi akauliza taratibu, kama mtu asiyetaka kumtisha ndege.

"Chini ya shuka."

Fundi akainua macho. Mlango alioutafuta kwa biskuti na vitisho ulikuwa hapo juu rafuni, na yeye mwenyewe ndiye aliyeushona ukafungika. Akalishusha shuka. Hakuna njia nyingine.

Kifungo akalitandaza. Akapapasa kwa kiganja, huku na huku, akaligeuza, akapapasa upande wa pili.

"Yako wapi?"

"Niliyaziba, mwanangu. Nilidhani limechanika."

"Halikuchanika. Mama alilikata."

"Najua sasa."

Fundi alingojea kilio. Alikitaka hata, angejua cha kukifanya. Lakini Kifungo alishika pembe mbili za shuka, akajaribu kulikunja jinsi alivyolikuta, likamshinda kwa ukubwa, akalisukuma tu mezani.

"Asante, mama mkubwa," akasema, akarudi chini ya meza.

Hapo mwiba ukachomoka. Fundi aliugeukia ukuta wenye vipimo vya wateja akalia, mabega yakipanda na kushuka. Mwalimu Mrefu akajisahau, akasimama wima, boriti ikampiga.

"Pole," Fundi akasema kutoka ukutani.

"Si kitu. Lakini si unaweza kuyakata tena?"

"Nikikata kiraka, ukingo utafumuka watoto wakivuta. Lazima niutoe mshono wote." Akafuta uso kwa kipande cha bitana. "Na mshono wangu haufumuliki. Hiyo ndiyo sifa yangu."

"Basi leo sifa yako imetuponza," alisema Mwalimu Mrefu akishika paji la uso, na Fundi, pamoja na machozi yake, akacheka kupitia puani.

Mwalimu alipoondoka, Fundi alivuta kigoda, akachukua wembe, akaanza. Alikata uzi mmoja hapa, mwingine pale, kwa ncha, bila kugusa kitambaa. Ni kazi ya kuinamia, inayochoma macho. Hakumwita mtoto. Baada ya muda akaona kichwa kando ya goti lake.

"Naweza kuvuta nyuzi?"

"Vuta polepole. Ukisikia uzi umekataa, usishindane nao, niambie."

Wakafanya hivyo, mmoja anakata, mmoja anavuta. Kiraka cha kwanza kilipotoka, Kifungo alikishika, akakinusa.

"Hili gauni la mama."

"Ndiyo."

"Ulilikata?"

"Nililikata. Nilitaka rangi yake."

"Lote?"

"Mikono imebaki. Na mfuko."

Mtoto akafikiri. "Mfuko wa kulia?"

Fundi akainuka, akalileta lililobaki. Kifungo akaingiza mkono mfukoni, akautoa na vumbi jeupe la chaki kwenye kucha. Akaurudisha. Akakaa hivyo, mkono mmoja mfukoni mwa gauni lisilo na mtu, mkono mwingine ukivuta nyuzi, mpaka walipofika tundu la katikati.

"Hili lilikuwa la mama?" Fundi akauliza. Alikuwa analiogopa tangu mwanzo. "Tuliache limezibwa?"

Kifungo alimtazama kama anamtazama mtu asiyejua kitu. "Hili la kupumulia. Kule ndani kuna joto, mama mkubwa, na kuna watoto wanajamba."

Asubuhi ya matumbawe walilibeba wote wawili. Kwa Kifungo peke yake lilikuwa kubwa mno, kwa hiyo Fundi alishika upande wa mbele na yeye upande wa nyuma, kama watu wanaohamisha kitanda. Pale mlangoni miguu ya mtoto ilianza kukakamaa. Fundi alihisi shuka linavutwa. Hakugeuka. Alisema tu, "Nyuma huko, usiliburuze, linachafuka," na mtoto, kwa kulinda shuka lisichafuke, akajikuta yuko ndani.

Darasa lilikuwa linanuka unga. Watoto walikuwa wamefinyanga madonge ya unga wa chumvi, wakabonyeza kila donge kwa kidole gumba.

"Huo ni mdomo," Mwalimu Mrefu alisema. "Tumbawe si jiwe na si mti. Ni wanyama wadogodogo wengi, wengine wadogo kuliko punje ya mchele. Kila mmoja ana mdomo mmoja na vidole vyake vya kukamatia chakula."

"Na matako?" mmoja akauliza.

"Hana. Mdomo ndio huohuo."

Darasa lilichukua muda kupona kutokana na habari hiyo. Kisha jiwe la tumbawe likatolewa kwenye boksi la viatu, likapita mkono kwa mkono, macho yamefumbwa. Linakwaruza, mmoja alisema. Kama mkate mkavu. Kama kisigino cha bibi yangu. Lilipomfikia Kifungo, alilishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye vitundu vyake, kimoja baada ya kingine.

"Humu walikuwa wanakaa?"

"Humo. Kila mmoja anajijengea nyumba ya mawe chini yake. Akifa, nyumba inabaki. Mdogo mwingine anakuja na maji, anaikalia, anajenga yake juu."

"Yule aliyekufa anaumia akikaliwa?"

Mwalimu Mrefu akamtupia Fundi jicho la kuomba msaada, lakini Fundi alikuwa kwenye kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni.

"Haumii," mwalimu akasema. "Na yule mdogo asipopata kitu kigumu cha kukalia, maji yanamchukua. Anahangaika tu baharini."

Kifungo akalirudisha jiwe kwenye boksi.

Shuka likatandazwa juu ya viti. Wadogo wakapanga mstari na samaki wao wa karatasi, mmoja wao alikuwa ameamua kuwa jongoo bahari na tayari alikuwa anajiviringisha sakafuni. Wakubwa wakavaa soksi, wakatambaa chini. Mikono ikaanza kuchomoza, mwekundu, mweupe, wa njano. Kifungo alibaki amesimama, soksi mkononi. Moyoni Fundi alishaanza kutafuta maneno ya kumrudisha nyumbani.

Mtoto akamjia, akamshika kidole kimoja.

"Twende."

"Mimi? Mimi si mwanafunzi."

"Wewe ni jiwe. Lala kule chini, mimi nikae juu."

"Nitavunja kitu."

"Mawe hayavunji kitu. Twende."

Fundi alikuwa amevaa gauni lake zuri. Akapiga magoti, magoti yakalia kama bawaba, watoto wakacheka, akaingia kwa viganja na magoti ndani ya ule mwanga wa bluu. Kulikuwa na joto kweli. Kulikuwa na pumzi za watoto, miguu ya watoto, na ile hewa aliyoonywa. Akalala kifudifudi katikati. Kifungo akampanda mgongoni, akakaa, akatafuta mahali pa visigino kwenye mbavu zake, akatoa mkono juu.

Mapazia yakavutwa. "Usiku umeingia," sauti ya Mwalimu Mrefu ilisema. "Matumbawe yanafungua vidole." Nje samaki walianza kupita wakikokota miguu. Jongoo bahari alipoteza njia, akaingia chini ya shuka na kumgonga Fundi pua kwa pua, wakatazamana, naye akashindwa kujizuia. Akacheka mwili mzima.

"Usitikisike," Kifungo akasema kutoka juu. "Nitaanguka."

"Huanguki. Nimekushikilia."

"Kwa kitu gani? Huna mikono, wewe jiwe."

"Kwa mgongo."

Mtoto alipima jibu hilo, kisha akaushusha uzito wake wote, ule aliokuwa akiuzuia kwa ncha za vidole vya miguu. Alikuwa mzito kuliko Fundi alivyodhani.

Mapazia yakafunguliwa. "Asubuhi imefika," Mwalimu Mrefu alitangaza, "matumbawe yanakunja vidole, watoto tunatoka." Mikono ikazama, mmoja baada ya mwingine, miguu ikakimbilia kwenye bomba kunawa unga. Shuka likabaki na mkono mmoja, umesimama wima, vidole wazi.

"Kifungo, asubuhi," mwalimu akaita.

"Kwetu bado," Kifungo alijibu.

Fundi, shavu sakafuni na goti likimuuma, hakusogea.