Mwanafunzi Bora wa Darasa la Tatu B

Siku ya mwisho ya Agosti, jikoni kwake Bishkek, Asilkan alipiga pasi sare ya shule ambayo hakuna mtu angeivaa. Binti yake Jibek, wa miaka tisa, alikuwa ametolewa shule tangu Machi na sasa alisomea nyumbani, kwenye meza hiyohiyo. Lakini mama mkwe, Bibi Toktobubu, alikuwa amenunua riboni mbili nyeupe na shada la maua ya mwalimu, maana tarehe mosi Septemba, shule zinapofunguliwa, kila mtoto hubeba maua, na majirani wana macho. Asilkan akaamua funika kombe mwanaharamu apite. Akaitundika sare dirishani, wapitao waione.

Asubuhi kengele ya shule ya ng'ambo ya barabara ilipolia, kivuli cha Jibek kilibanduka sakafuni, kikavaa sare, kikafunga riboni, kikachukua maua na kutoka. Jibek alikuwa anakula mkate na malai.

"Kimesahau daftari," alisema.

Asilkan akakikimbilia nalo hadi ngazini. Jirani wa chini alikiona kikivuka barabara, akasema hatimaye mtoto ameachiwa, maana walikuwa wakimfuga ndani kama kuku wa mayai.

Jibek alitolewa shule kwa sababu ya "kwa nini". Darasa lilikuwa na watoto arobaini na saba, watatu kila dawati, na yeye aliuliza kwa nini kila saa. Mwalimu Rahat akawa anamsimamisha ukutani mpaka akaacha kuuliza. Kisha akaacha kusema kabisa, hata nyumbani. Ilimchukua Asilkan miezi miwili pale mezani kumrudishia mwanawe sauti.

Kusomea nyumbani kuliruhusiwa, mradi mwalimu mkuu atie sahihi na shule imtahini mtoto kila muhula. Bila sahihi hiyo Jibek angehesabiwa mtoro na kurudishwa ukutani kwake. Asilkan alikuwa akiitafuta tangu Juni. Juni mkuu alikuwa likizo, Julai ofisi ilipakwa rangi, Agosti akaambiwa arudi kengele ikishalia. Danadana tupu, na ilimuudhi mpaka akakosa usingizi.

Wiki ya pili ya Septemba alikwenda tena, amemshika Jibek mkono. Mwalimu mkuu alifungua rejista. Jibek hakuwa amekosa hata siku moja, na tabia alikuwa amepata tano, alama ya juu kabisa.

"Huyo ni kivuli," alisema Asilkan.

"Najua. Hakuna aliyelalamika."

Mwalimu Rahat aliitwa, akaja akitabasamu. "Mama Jibek, hongera. Hasemi, hachafui, na pale dawatini hambani mtu. Laiti wote wangekuwa hivyo."

Asilkan alimsogeza Jibek mbele. Aliuliza, basi huyu mwenye mwili amweke wapi, na nani atamtahini. Mwalimu mkuu akafunga rejista. Kwa jina hilo, alisema, alikuwa na mwanafunzi mmoja tu, naye yuko darasani. Hawezi kumtilia sahihi ya kukaa nyumbani mtoto asiyekosa shule.

"Kwa nini?" aliuliza Jibek.

Mwalimu Rahat alitazama ukuta, kwa mazoea tu. Mwalimu mkuu alishusha pumzi.

"Nina ombi moja, Mama Jibek. Saa za masomo, huyu asipite karibu na uzio wetu. Anatuvurugia watoto."

Asilkan alijaribu kuificha sare. Siku hiyo shule ilipiga simu kabla ya saa tatu kuulizia mwanafunzi wao bora, na Bibi Toktobubu akaitoa kabatini mwenyewe. Karatasi ya alama ameibandika kwenye friji. Mchana kivuli hurudi, huvua sare, hujilaza miguuni pa Jibek na kunuka chaki.

Maktaba iko nyuma ya shule, mwendo wa dakika tano. Asilkan na binti yake sasa huzungukia sokoni, dakika arobaini, juani, wawili na kivuli kimoja. Njiani Jibek huuliza kwa nini tikiti huiva mwisho wa kiangazi, kwa nini mto hauna chumvi, na mama yake humjibu yote. Kisha huuliza kwa nini wanazunguka, na Asilkan humwambia akaze mwendo.